Hoho imetoka rangi usiyoitarajia: tafuta chanzo kabla hujang'oa mche

Natunza kitalu cha miche Igombe, Mwanza, upande wa ziwani, na malalamiko ninayoletewa kuhusu pilipili hoho hayabadiliki mwaka hadi mwaka. Anakuja mtu na hoho tatu ndani ya sado, anazipanga mezani moja moja, ananiuliza: "Hii ndiyo njano uliyoniambia?" Wengine wanafika wakiwa wameshapulizia dawa mara mbili. Mmoja alifika akiwa ameshang'oa mistari minne mizima. Hilo la kung'oa linaniuma kweli, maana mara nyingi mche hauna kosa. Kosa, kama lipo, lilitokea msimu uliopita, siku ua lilipopokea chavua na mbegu ikatungwa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa ni lile lile: mbegu ilitoka wapi? Ukinijibu hilo kwa ukweli, nusu ya kazi imekwisha.

Kwanza, rangi inavyotengenezwa

Hoho changa ni ya kijani kwa sababu ya klorofili, ile ile iliyomo kwenye majani. Inapokomaa, klorofili inavunjwa, na mahali pake zinajengwa rangi za kundi la karotenoidi. Ujenzi huo unakwenda kwa hatua. Aliyewahi kusimama Mwaloni, soko letu la samaki na dagaa, asubuhi ataelewa upesi: boti imefika na magunia ya dagaa, wapagazi wamejipanga kutoka majini hadi kwenye lori, kila mmoja anapokea na kumkabidhi mwenzake. Mpagazi wa mwanzo ni jeni (agizo la kurithi) iitwayo PSY1, ndiyo inayoanzisha mzigo. Wa mwisho ni jeni CCS, inayopokea rangi za njano na kuzigeuza kuwa kapsanthini, na kapsanthini ndiyo wekundu wenyewe wa hoho. Huyo wa mwisho asipokuwepo, mzigo unaishia mlangoni kwake na tunda linabaki njano. Wa mwanzo akilegea, kinachofika ni kidogo na tunda linakuwa la chungwa. Kisha ipo jeni ya tatu, PRR2, ambayo naifananisha na nyapara: ikiharibika, kazi ya mstari mzima inapungua na rangi inafifia. Zikiharibika zote tatu, hoho inaiva ikiwa karibu nyeupe.

Mpango huu wa jeni tatu ulipendekezwa mwaka 1985 na watafiti Hurtado-Hernández na Smith, walipozalisha hoho nyeupe na nyekundu pamoja na kupata kwa wajukuu rangi nane tofauti. Wao waliziita y, c1 na c2. Majina ya CCS, PSY1 na PRR2 yalikuja baadaye maabara zilipoweza kusoma vinasaba vyenyewe.

Kila mche una nakala mbili za kila jeni, moja ya mama na moja ya baba aliyeleta chavua. Nakala moja nzima ya CCS inatosha kufanya tunda liwe jekundu. Ndiyo maana tunasema wekundu unatawala na njano inajificha. Shika hapo, maana karibu kila kinachofuata kinaegemea hapo.

Dalili: hoho zimekuwa kubwa lakini zimegoma kubadilika, bado kijani

Hili ndilo linaloongoza. Na chanzo chake, karibu kila mara, ni haraka ya mwenye shamba.

Kuanzia ua kufunguka hadi hoho kufikia ukubwa wake wa kijani ni kama siku 35 hadi 50. Rangi inaanza baada ya hapo, na kuenea tunda zima ni wiki mbili hadi nne nyingine. Wengi wanahesabu tangu siku ya kupandikiza, au wanatazama ukubwa tu. Usitazame ukubwa. Chuma moja, ipasue kwa kisu katikati. Mbegu zikiwa nyeupe, laini, zinapondeka kwa ukucha, tunda bado changa hata liwe kubwa kama ngumi. Mbegu zikiwa zimeanza kuwa ngumu na rangi ya maziwa mgando, siku haziko mbali. Msimu ujao, funga uzi kwenye kikonyo cha maua kumi siku yanapofunguka na uandike tarehe kwenye daftari. Uzi hauna upendeleo.

Wapo wanaotupa hoho kipindi hicho hicho cha mpito. Hoho inayoelekea wekundu hupita hatua ya kahawia chafu, kwa sababu kapsanthini imeshaingia na klorofili haijatoka. Mtu anadhani inaoza, anaichuma, anawapa mbuzi. Ibonyeze. Ikiwa ngumu, inang'aa na haina kidonda, iache wiki moja. Hoho ya njano haipiti huko; yenyewe inapauka kwanza, kijani kinakuwa chepesi, kisha njano inajitokeza.

Kama siku zimetimia na bado, angalia majani. Yakiwa kijani kilichokoza sana, mapana, na mche unaendelea kutoa matawi, naitrojeni imezidi. Acha urea na samadi mbichi. Angalia pia mzigo: mche wenye hoho nyingi sana kwa pamoja huchelewa kuziivisha. Chuma baadhi zikiwa kijani, uziuze hivyo, zilizobaki zitawahi.

Na kama ulishazichuma zikiwa kijani kabisa ukitegemea ziive ndani, hapo hakuna la kufanya. Hoho si ndizi. Ukiifukia na ndizi mbivu kwenye gunia, itanyauka kabla ya kuwa nyekundu. Iliyochumwa ikiwa imeshaanza kushika rangi upande mmoja ndiyo inayoweza kuendelea.

Sababu ya mwisho, na ni ya nadra, ndiyo ya kurithi. Kuna jeni ambayo kazi yake ni kuruhusu klorofili ivunjwe tunda linapoiva. Nakala zote mbili zikiwa mbovu, kijani hakiondoki. Mche huo huo ukiwa pia hauna CCS nzima, tunda linaiva likiwa kijani cha zeituni mpaka linalainika na kukunjamana. Mpaka uone hoho imelainika yenyewe juu ya mche ikiwa bado kijani, usiseme ni urithi.

Onyo: usinunue dawa ya kuivisha na kupulizia kwa kukisia. Ikizidi, majani na matunda machanga vinapukutika vyote. Kama umeshafikiria kupulizia, simama hapo na umuite afisa ugani wa kata kwanza.

Dalili: nilipanda njano, zimekuja nyekundu (au nilipanda nyekundu, zimechanganyika njano)

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapogombana.

Mwaka juzi mama mmoja alinijia akiwa na uchungu. Alipanda njano kwa ajili ya mteja wa hoteli mjini, na katikati ya shamba zikatokea nyekundu. Mpakani mwake mzee mmoja alikuwa amepanda nyekundu tupu. Mama alikuwa ameshakwenda kwa huyo mzee.

"Shikamoo baba. Hoho zako zimeharibu zangu, nyuki wanatoka kwako wanakuja kwangu."

"Marahaba mwanangu. Sasa nyuki niwafunge kamba?"

Mama alitaka nimwambie nani alipe. Nilimwomba tukae, nikaipasua moja ya zile nyekundu mbele yake. Nikamwonyesha nyama ya tunda, lile tumba jeupe la katikati, na mbegu. Nyama yote ni mwili wa mche wenyewe, ni mwili wa mama. Chavua ya jirani haiingii kwenye nyama. Inaingia kwenye mbegu tu. Mama akizaa mtoto anayefanana na baba, sura ya mama haibadiliki. Vivyo hivyo, hoho inayoning'inia leo imeshika rangi ambayo mche wake ulizaliwa nayo. Nyuki wa mzee hawakuweza kubadili hata tunda moja la msimu ule. Walichoweza kufanya kimo ndani ya mbegu, na kitaonekana akizipanda msimu ujao.

Walipatana, namshukuru Mungu. Lakini ninajua wapo waliofikishana kwa mwenyekiti wa mtaa kwa jambo hili hili, na ndiyo maana naliandika kwa urefu.

Sasa tutafute chanzo halisi, na kipimo cha kwanza hakina gharama: hesabu. Pita mstari kwa mstari, andika mche upi rangi gani. Usihesabu matunda, hesabu miche. Na hakikisha mche mmoja haujabeba rangi mbili. Ukikuta tunda moja jekundu na jingine njano mche mmoja, mara nyingi ni miche miwili iliyopandwa shimo moja. Fuata shina hadi chini kwa kidole utaona.

Ikiwa shamba zima limetoka rangi nyingine, chanzo cha kwanza kufikiria ni lebo. Trei mbili zimebadilishwa, au pakiti imewekwa kwenye kopo lisilo lake. Kwenye kitalu, miche ya hoho nyekundu na ya njano haitofautiki hata kidogo kwa macho. Mimi siku hizi naandika kwa rangi ya mafuta kwenye ubavu wa trei yenyewe, maana vijiti hung'olewa na kuku.

Ikiwa ulipanda mbegu ya njano na umepata nyekundu chache tu kati ya nyingi za njano, basi ama mbegu zilichanganyika, ama mama yake alipata chavua ya nyekundu msimu uliopita. Njano ina nakala mbili mbovu za CCS. Haina mahali pa kuficha wekundu. Njano iliyojichavusha yenyewe itazaa njano. Ukiona nyekundu, nakala nzima imeletwa kutoka nje. Hoho kwa kawaida inajichavusha, lakini nyuki wanapita, na kwetu huku kandokando ya ziwa ambako bustani zimeshikana kwa sababu kila mtu anafuata maji ya pampu, wanapita sana.

Ikiwa ulipanda mbegu ya nyekundu na umepata njano kadiri ya robo, hapo ni wazi: mche uliotoa mbegu ulikuwa mwekundu kwa nje na umebeba njano moja ndani. Mwaka fulani niliuacha mche mmoja mwekundu uliotokea katikati ya njano zangu, nikaufunika maua, nikatunza mbegu zake na kuziotesha. Miche 48: nyekundu 37, njano 11. Nilisimama pale nikiwa na daftari mkononi, moyo unanidunda, maana Gregor Mendel aliiona hesabu hiyo hiyo ya tatu kwa moja kwenye njegere zake, akaichapisha mwaka 1866, na hapa ilikuwa kwenye luseni, udongo wetu wa kichanga wa Igombe.

Robo ni wastani, si ahadi. Ukiotesha miche 10 tu ya mbegu kama hizo, kuna nafasi kama 6 kati ya 100 usipate njano hata moja, ukajidanganya kwamba mbegu yako ni safi. Ukiotesha 16, nafasi hiyo inashuka hadi 1 kati ya 100. Kwa hiyo kipimo cha maana kinaanzia miche 16.

Chanzo kingine kinachonijia kila msimu ni mbegu iliyotunzwa kutoka kwenye chotara. Mtu amenunua pakiti ya F1 kwa bei inayouma, hoho zimetoka nzuri, zimelingana, anasema mwakani sinunui. Hoho za chotara zinalingana kwa sababu miche yote ina baba mmoja na mama mmoja. Kizazi kinachofuata kinafumuka. Rangi inaweza kubaki ile ile kama wazazi wote walikuwa nayo, kama ilivyo kwa chotara nyingi za njano, lakini umbo, unene wa nyama na uvumilivu wa magonjwa vitatawanyika. Simkatazi mtu kutunza. Namwambia tu asimwahidi mteja.

Simama na uite wataalamu hapa: kama mbegu ulinunua ikiwa kwenye pakiti iliyofungwa, na shamba zima limetoka tofauti na pakiti inavyosema. Using'oe, usitupe pakiti. Tunza pakiti na lebo yake ya TOSCI, namba ya kundi la mbegu, risiti, na piga picha za shamba pamoja na pakiti. Mwite afisa kilimo aone miche ikiwa bado imesimama, kisha lalamiko liende TOSCI, ambao ndio wenye kazi ya kuthibitisha ubora wa mbegu nchini. Mimi niliwahi kupoteza haki yangu kwa duka moja kwa sababu nilichoma pakiti na takataka. Bila pakiti ni neno lako na lao.

Dalili: nilitunza mbegu za njano zilizokaa karibu na chungwa, sasa zimetoka nyekundu

Mara ya kwanza niliposikia hili nilidhani mtu ameniletea uongo. Hakuna nyekundu shambani, wekundu umetoka wapi?

Rudi Mwaloni. Mstari wa njano umekosa mpagazi wa mwisho lakini wa mwanzo yupo mzima. Mstari wa chungwa, kwa aina ya chungwa itokanayo na PSY1, umepungukiwa wa mwanzo lakini wa mwisho yupo. Ukiwazalisha pamoja, mtoto anapata mpagazi wa mwanzo kutoka kwa njano na wa mwisho kutoka kwa chungwa. Mstari umekamilika. Mtoto ni mwekundu, ingawa hakuna mzazi mwekundu.

Ukitunza mbegu za huyo mwekundu, jeni hizo mbili ziko kwenye kromosomu tofauti, CCS kwenye ya 6 na PSY1 kwenye ya 4, kwa hiyo zinagawanyika kila moja kivyake. Kwa wastani kati ya wajukuu 16 utapata 9 nyekundu, 3 njano, 3 chungwa, na 1 aliyekosa vyote viwili, mwenye rangi hafifu. Ukiona shamba lenye rangi tatu na nyekundu zimezidi nusu kidogo, fikiria hivyo kabla ya kulaumu pakiti.

Angalizo: chungwa si za ukoo mmoja. Nyingine zinatokana na CCS yenyewe kuharibika kwa namna tofauti, na hizo ukizizalisha na njano hutapata nyekundu. Kwa macho hutazitofautisha. Utajua kwa watoto wao.

Dalili: zambarau imepotea, au imetokea penye kijani

Zambarau si ndugu wa rangi hizo nyingine. Inatokana na antosiyanini, ambayo hukaa kwenye ngozi na tabaka la juu, na jeni yake iko kwenye kromosomu ya 10. Chukua hoho ya zambarau, ikate: ndani ni kijani cha kawaida. Tunda linapoiva, antosiyanini inavunjwa na chini yake inatokea rangi ambayo CCS na wenzake wameamua. Kwa hiyo hoho ya zambarau inayogeuka nyekundu haijaharibika, imeiva. Ukitaka kuiuza zambarau, ichume mapema. Na mwambie mteja kwamba kwenye sufuria zambarau itayeyuka abaki na kijani, asije akakurudia.

Ukizalisha zambarau na kijani, mtoto huwa kati, zambarau iliyopauka, maana jeni hii haitawali moja kwa moja kama ile ya wekundu.

Kama hukupanda zambarau kabisa na umeona michirizi ya zambarau iliyokoza au nyeusi mabegani mwa hoho za kijani, upande unaopigwa na jua, kwetu mara nyingi ni zile wiki za Juni na Julai ambapo usiku kuna baridi na mchana jua ni kali. Haina madhara, haihitaji dawa. Tunda likiiva inaondoka.

Dalili: imeiva ikiwa kahawia na imebaki hivyo

Umeshasubiri wiki ile niliyosema juu, na bado kahawia, ngumu, inang'aa, haina kidonda. Hiyo ni ile jeni ya klorofili isiyovunjika, safari hii kwenye mche wenye CCS nzima: nyekundu na kijani vimekaa pamoja na jicho linaona kahawia. Inajificha kama njano, inahitaji nakala mbili. Ni chakula safi, wengine wanaipenda kwa utamu. Tenga mbegu zake kama unapenda.

Dalili: hoho imekuwa kali

Rangi na ukali ni jeni tofauti, lakini wanaokuja kwa rangi huwa wanalitaja na hili. Ukali unatawala: hoho haina ukali kwa sababu ina nakala mbili mbovu za jeni iitwayo Pun1. Nyuki akileta chavua ya pilipili kali, mtoto atakayezaliwa atawasha. Lakini kumbuka yule mama na mzee: ukali unatengenezwa kwenye lile tumba jeupe la ndani, ambalo ni mwili wa mama. Hoho ya leo haiwezi kuwasha kwa sababu ya pilipili iliyo jirani leo. Inawasha kwa sababu mama wa mbegu hiyo alikaa na pilipili msimu uliopita. Mche wa namna hiyo usiuchanganye sokoni hata kwa bahati mbaya, kuna watoto wanaokula hoho mbichi kwenye kachumbari.

Dalili: mabaka, ncha nyeusi, michoro ya duara

Hapa acha kabisa kufikiria urithi.

Baka jeupe au la kahawia nyepesi, kavu kama karatasi, upande uliotazama jua, ni kuungua. Mara nyingi majani yaliliwa au yalipukutika. Rudisha kivuli, usipogoe kupita kiasi.

Kitako cheusi kilichobonyea ni kalisi kutofika kwenye tunda, na kwenye luseni yetu inayopitisha maji kama chekecheke, chanzo kikubwa ni kumwagilia leo ndoo kumi na kesho kutwa hakuna. Weka matandazo, mwagilia kidogo kila siku. Kuongeza mbolea ya kalisi bila kurekebisha maji ni kutupa hela.

Lakini ukiona rangi ya tunda imevurugika kwa madoa au duara, na majani ya juu yana mabaka ya kijani na njano, yamekunjamana, mche umedumaa, huo ni ugonjwa wa virusi. Simama. Hakuna dawa ya kuuponya mche wenye virusi, na ukiendelea kupita mstarini kwa mikono hiyo hiyo unausambaza; wapo virusi wanaosafiri kwa mikono na visu, wengine kwa wadudu mafuta, thiripi na nzi weupe. Ondoa miche iliyoonyesha dalili, nawa kwa sabuni, osha kisu, mvuta sigara asishike miche kabla ya kunawa. Usitunze mbegu kutoka shamba hilo, hata kwenye mche unaoonekana mzima. Ikiwa zaidi ya miche michache imeshika, mwite afisa ugani achukue sampuli kabla hujanunua chochote dukani.

Kuitengeneza mbegu yako mwenyewe

Kama unataka rangi unayoiamini, funika maua. Nakwenda kwa mafundi cherehani naomba mabaki ya neti za shela, nashona vifuko vya ukubwa wa kiganja. Tafuta tumba la ua lililovimba, jeupe, ambalo petali zake bado zimebana, lililofunguka limeshachelewa. Vika kifuko kwenye tawi, funga kwa uzi bila kubana, na asubuhi pigapiga tawi kwa kidole ili chavua idondoke. Tunda likishatunga na petali zikidondoka, toa kifuko, acha uzi kwenye kikonyo. Huo uzi ndio utakaokuambia siku ya mavuno tunda lipi ni la mbegu. Liache liive kabisa juu ya mche, hadi lianze kulainika; mbegu ya hoho ya kijani huota vibaya.

Usitegemee umbali kuwazuia nyuki, labda kama una mita mia kadhaa za kutenganisha, na bustani za huku hazina nafasi hiyo.

Kwa njano kazi ni nyepesi: kwa kuwa haifichi wekundu, njano iliyofunikwa itazaa njano. Kwa nyekundu lazima upime. Chagua miche mitano mizuri, funika maua ya kila mmoja, weka mbegu za kila mche kwenye bahasha yake, na usizichanganye hata kama zinafanana. Andika juu ya bahasha: mche namba ngapi, rangi ya tunda, tarehe, limefunikwa au halikufunikwa. Kisha otesha 16 kutoka kila bahasha na uwe mvumilivu mpaka ziive zote. Bahasha itakayotoa njano hata moja, iuze miche yake kama mchanganyiko na umwambie mnunuzi wazi. Bahasha iliyotoa nyekundu kumi na sita, ifunge kwenye chupa kavu, iweke mbali na bati lenye joto.